BSA ya marehemu babu kule Nachingwea: namba ya injini na ya fremu hazifanani, nitaijuaje asili yake?

Spea wa Chikongola (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nina duka dogo la spea za pikipiki hapa Chikongola, Mtwara mjini. Boxer na TVS nazijua kwa kupapasa. Umeme ukikatika nakutolea kebo ya klachi bila kuwasha tochi. Lakini mwezi uliopita nimekutana na chuma nisichokijua, na ni cha kwetu wenyewe.

Babu mzaa mama alifariki mwaka 2009 kule Nachingwea. Alikuwa fundi wa reli, ile reli ya wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, mpaka ilipofungwa mwaka 1962. Baada ya hapo alilima korosho mpaka mwisho wa maisha yake. Bibi bado yupo, ana miaka 80 na ushei. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuhifadhia korosho, na ndani kabisa, nyuma ya mifuko ya salfa, imesimama pikipiki ya babu. Nimekua naiona pale. Utotoni tulikatazwa kuikalia, na babu alikuwa akiingia bandani lazima aiguse tenki kwa kiganja, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake.

Tenki limeandikwa BSA, ingawa herufi ya mwisho imebaki nusu. Injini ni silinda moja kubwa, imesimama wima. Foki za mbele si mabomba kama za siku hizi, ni vyuma vilivyounganishwa na springi moja nene katikati. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote ninazouzia spea. Vikanyagio ni chuma kitupu, nadhani mpira ulishaisha. Rangi nyeusi, imepauka.

Nilisafisha upande wa kushoto wa injini, chini ya silinda, kwa mafuta ya taa na mswaki. Ikatokea WM20 na tarakimu tano, za mwisho 318. Nikaenda shingoni mwa fremu, kushoto vilevile, nako kuna WM20, lakini tarakimu zake ni tofauti kabisa. Moja kati ya hizo siwezi kusema ni 3 au 8, na hapa nina uchungu. Kuna fundi mmoja wa hapa mjini, simtaji, nilimpeleka Nachingwea kwa nauli yangu anisaidie kusoma. Akaja na grenda. Alishagusa mara moja kabla sijamdaka mkono. Umebaki mkwaruzo wa urefu wa njiti ya kiberiti, unang'aa, na umepita juu ya tarakimu hiyohiyo.

Kadi tumeipata kwenye bati la biskuti la bibi. Unyevu umeila. Panaposomeka kuna muhuri wa Lindi, mwaka 195 halafu tundu, na kwenye mstari wa injini zimebaki tarakimu 318. Mstari wa fremu haupo tena.

Sasa shauri lenyewe. Kwetu mali ya babu msemaji wake ni mjomba, na mjomba amepata mteja kutoka Dar anayetoa laki nane, anataka kuichukua kabla msimu wa korosho haujaanza. Mteja anasema bei haiwezi kupanda kwa sababu namba hazifanani, kwa hiyo ni pikipiki ya kuungaunga. Mjomba naye anasema babu aliinunua mpya dukani Lindi mwaka 1950, kwa hiyo hawezi kuelewa namba zitofautiane vipi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Sitaki ugomvi na mjomba, na sidai chochote. Nataka kujua tu chuma hiki ni nini, kilitoka wapi na kilifikaje kwa babu, kabla hakijapanda lori. Nianzie wapi? Na je, namba kutofanana maana yake kuna mtu aliiba au alibadilisha?

Kijana wa Masasi

Pole na msiba wa grenda mkuu. Hiyo ni BSA Bantam, zilikuwa nyingi huku, hata shuleni kwetu mwalimu mkuu alikuwa nayo. Bantam hazina bei. Laki nane chukueni, mtanunua mabati.

Fundi Mzee wa Mingoyo (Lindi)

Marahaba mwanangu. Kijana wa Masasi, usimpoteze mwenzio. Bantam ni kitoto. Injini yake ni ya tuu-stroku, sentimita za ujazo 123, ilianza kuuzwa 1948, na mchoro wake ulitokana na DKW RT 125 ya Wajerumani, Waingereza waliuchukua baada ya vita. Ukiiwasha inatoa moshi na inalia kama mashine ndogo ya kusaga. Hii anayoielezea ni M20: foo-stroku, sentimita 496, vali ziko pembeni ya silinda na si juu, uzito wake unapita kilo 160. Haifanani na Bantam hata gizani. BSA ni jina la kiwanda, pale Small Heath, Birmingham, kilichoanza kwa bunduki. Ndiyo maana alama yao ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Jina la kiwanda halitoshi kukwambia umeshika nini.

Mimi nimefungua injini tatu za M20 maishani mwangu, moja hapa Lindi na mbili Masasi. Nitakueleza ninayoyajua kwa mikono.

Kwanza hiyo herufi W. M20 ilianza kutengenezwa 1937 na ikaendelea mpaka 1955, lakini WM20 ni za wakati wa vita. BSA walilipatia jeshi la Uingereza zaidi ya pikipiki 126,000 za aina hii. Zilizotoka baada ya vita zina herufi nyingine mbele, X, halafu Y, halafu Z. Kwa hiyo pole kwa mjomba, lakini mwaka 1950 pikipiki yenye WM20 haiwezi kuwa mpya dukani. Ilishavaa sare.

Pili, namba kutofanana. Hili ndilo linalokukosesha usingizi, na ndilo linaloniudhi mimi kwa huyo mteja, maana kama anajua pikipiki za zamani anajua pia ukweli wake. BSA wa miaka ile hawakugonga namba moja kwenye injini na fremu. Fremu ilikuwa na hesabu yake, injini hesabu yake, zikakutana kwenye mstari wa kuunganishia. Kufanana kwa namba ni habari ya Triumph, na watu wakaibebesha kila pikipiki ya Kiingereza. Tena hii ilikuwa ya jeshi. Mafundi wa jeshi la Uingereza, kikosi chao REME kiliundwa 1942, wakipokea pikipiki kumi zilizoumia hawakukaa kutafuta injini ya nani. Waling'oa, wakakarabati, wakafunga inayofuata mezani. Namba zako mbili tofauti, zote zikianza na WM20, kwangu mimi ni ushahidi kwamba iko sawasawa.

Kinachofunga ni kadi. Kadi ina 318, injini ina 318. Maana yake injini iliyomo leo ndiyo iliyokuwemo kadi ilipoandikwa miaka ya 1950. Hilo kwa pikipiki ya miaka 80 ni jambo kubwa, lilinde. Ila usiseme zaidi ya hapo: kadi haijasema lolote juu ya fremu.

Sasa tofautisha namba. Kwenye boksi la krenki, kwenye kava na kwenye kichwa utakuta namba zilizovimba, zimetoka nje pamoja na chuma. Hizo ni za kalibu, kipuri kile kingine chochote cha aina hiyo kinazo. Namba ya utambulisho imezama, imegongwa kwa nyundo, tarakimu moja moja, ndiyo maana utaiona imeyumba kidogo, moja juu moja chini. Wengi wamejaza fomu kwa namba ya kalibu, wakashangaa kuambiwa pikipiki haipo.

Nyuma ya silinda kuna magneto, inayotoa cheche ya plagi, na dainamo, zimeshikana, za kampuni ya Lucas. Ukisafisha bodi yake mara nyingi utakuta mwezi na mwaka vimegongwa. Haikwambii pikipiki ni ya mwaka gani, maana magneto hubadilishwa, lakini ikikubaliana na mengine inaongeza uzito.

Vikanyagio vya chuma usivitafutie mpira kwanza. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 Waingereza waliishiwa mpira, M20 zikatoka na vikanyagio vya chuma kitupu na vishikio vya usukani vya turubai. Tazama usukani, chini ya vishikio vya sasa.

Hiyo tarakimu ya grenda: usiiguse tena. Usipige msasa, usichonge, na hata siku moja usimruhusu mtu "aikumbushie" kwa patasi. Namba iliyogongwa upya polisi wataisoma kama wizi, na mnunuzi mwenye akili ataikimbia. Namba ikigongwa, chuma kilicho chini yake hubanwa, kwa hiyo alama hubaki hata juu pakisagwa. Wataalamu wa uchunguzi wana asidi zao za kuifufua, lakini hiyo si kazi ya banda. Wewe osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka unga wa chaki, futa juu kwa kitambaa kikavu. Chaki itabaki ndani ya mfereji. Halafu zima taa, lala na tochi ubavuni, mwanga upite sambamba na chuma. Piga picha ishirini kutoka pembe mbalimbali. Tatu imeachama upande wa kushoto, nane imefunga. Kivuli kitakwambia.

Mwisho, rangi. Nyeusi si rangi ya jeshi. Chini yake kuna nini?

Binti Ndanda

Kaka, pole kwa kazi na hongera kwa kumdaka fundi mkono. Sisi hatukumdaka.

Baba yangu alifanya kazi karakana ya misheni, akaachiwa BMW R 25/3 ya padri mmoja aliyerudi kwao. Baba alipofariki, kaka yangu kwa mapenzi mema kabisa aliipeleka ikapigwa msasa yote na kupakwa rangi nyekundu ya Bajaji. Ubavuni mwa tenki kulikuwa na maandishi madogo ya mkono, meupe, ambayo nikiwa mtoto sikuyajali. Hakuna aliyeyapiga picha. Niliandika Munich kwenye kumbukumbu za BMW, nikawapa namba ya fremu, wakanijibu tarehe iliyotoka kiwandani na muuzaji aliyepelekewa. Nilishukuru sana. Lakini maandishi ya tenki Munich hawanayo. Yaliandikwa huku, yakafutwa huku.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa bibi. Chuma kimekaa miaka yote na kitakaa mwezi mwingine, bibi ana miaka 80 na ushei. Nenda na simu, mrekodi, na usimuulize "ni ya mwaka gani", maana atakujibu kukuridhisha. Muulize ilikuja siku gani, nani alikuwepo, ilikuwa na rangi gani, babu alikuwa amevaa nini. Wamama wa zamani hawahesabu miaka, wanahesabu watoto.

Spea wa Chikongola (Mtwara)

Shikamoo tena Fundi Mzee, na ahsante dada Ndanda. Nilikwenda Nachingwea Ijumaa, nimerudi jana usiku. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Bibi nilimkuta anabangua korosho uani. Sikumuuliza mwaka. Nilimwuliza pikipiki ilikuja lini, akasema, "Ilikuja nikiwa na mama yako mkubwa mgongoni, hajaanza kukaa." Mama mkubwa ndiye kifungua mimba wao, na cheti chake cha ubatizo kinasema amezaliwa Machi 1958. Kwa hiyo ni katikati ya 1958. Ile 195 ya kwenye muhuri imeshapata mwenzake, au karibu.

Nikauliza rangi. Bibi akacheka akasema, "Ilikuja kijani kama askari. Nikamwambia baba yenu, watu watasema umeiba ya serikali. Akaipaka rangi iliyobaki ya mabehewa." Fundi Mzee, niliposikia hilo nilinyamaza muda mrefu. Ile nyeusi niliyoidharau, niliyokuwa nimepanga kuiondoa kwa thina, ni mkono wa babu na ni rangi ya reli.

Nikamwuliza nani alisema babu aliinunua mpya dukani. Akashangaa. Babu hakuwahi kusema hivyo. Babu alikuwa akisema "pikipiki yangu ya Lindi", kwa sababu kadi ilitolewa Lindi. Mjomba alikuwa bado hajazaliwa. Nadhani ukubwani alisikia Lindi akaweka duka, na 1950 akaisoma kwenye kadi kabla unyevu haujafika mwisho, au aliikadiria tu. Nimemweleza mjomba kwa adabu, mbele ya bibi. Hakukasirika. Alikwenda bandani peke yake, akakaa huko kitambo.

Bibi alikumbuka na jambo jingine. Miaka ya themanini mjomba aliponunua Honda, babu akiipanda alikuwa anakanyaga gia akitaka breki. Mguu wake ulishazoea upande wa pili. Mara moja aliingia nayo kwenye uzio wa jirani.

Chini ya rangi: kwenye kona ya tenki, chini ya kiti, nyeusi ilishabanduka yenyewe. Nilitazama kwa lenzi ya kusomea ya bibi. Nyeusi, chini yake kijani, chini yake tena rangi ya mchanga, halafu chuma. Sikukwaruza. Ubavuni mwa tenki nililowesha kitambaa kwa mafuta ya taa nikafuta taratibu, nikapiga tochi kwa ubavu kama ulivyoelekeza. Chini ya nyeusi kuna mwinuko wa rangi nyingine, umbo la herufi C, halafu 4, halafu 6. Zinazofuata sizioni. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaacha.

Vishikio vya usukani: mpira wa juu ni wa baiskeli. Chini yake kuna kitambaa kigumu cheusi kimeshonwa. Magneto ina 5 na 42. Tarakimu ya grenda, kwa chaki na tochi, mimi naona 8. Mjomba alipoitwa bila kuambiwa kitu alisema 8. Bibi alisema "nane, hujui kusoma?"

Mpenda Nyaraka (Dar es Salaam)

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, na nimejiandikisha leo ili nikujibu.

Hiyo C na namba inayofuata ni namba ya hesabu ya jeshi la Uingereza. Pikipiki za jeshi zilipakwa namba hiyo kwenye tenki, mara nyingi C kisha tarakimu saba. C46 ni mwanzo unaoonekana kwenye M20. Ukiweza kuzisoma zote, utakuwa na jina la tatu la pikipiki hii, tofauti na la injini na la fremu. Lakini kumbuka tenki linafunguliwa kwa boliti chache. Namba ya tenki ni ya tenki, mpaka kitu kingine kiithibitishe.

Hatua ya kuandika barua sasa umeifikia. Uingereza kuna chama cha wenye pikipiki za zamani, Vintage Motor Cycle Club, kilianzishwa 1946, na maktaba yao ina vitabu vya viwanda vingi, BSA kimojawapo, vinavyoonyesha pikipiki ilitoka lini na ilipelekwa wapi. Kuna pia chama cha wamiliki wa BSA chenye watu wa kusoma namba. Huduma hizi zina malipo, uliza kwanza. Tuma picha za namba zote mbili, na useme wazi kwamba tarakimu moja imekwaruzwa na unaisoma 8. Usiwafiche 3. Waombe wazitazame zote mbili. Huenda moja ikaangukia kundi ambalo halina maana na nyingine ikakaa vizuri. Nakutahadharisha kidogo: kwa pikipiki ya vita, kitabu kitakwambia ilikwenda jeshini. Usitegemee kukuta jina la Lindi humo.

Na hapa hadharani usiweke namba nzima, umefanya vyema kuzikata. Wapo wanaochukua namba halisi na kuzigonga kwenye fremu za bandia.

Pengo lako kubwa ni kutoka vita kwisha 1945 mpaka babu 1958. Najua unachokifikiria, hata mimi nimekifikiria: mradi wa karanga. Ulianza 1947, ukaja Nachingwea, ukajaa mitambo iliyobaki vitani, mpaka vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Ukafutwa 1951. Reli ya babu yako ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, ikaanzia Mkwaya kwa mkono wa bahari wa Lindi, bandari ya Mtwara ikafunguliwa 1954 karanga zikiwa zimeshakufa. Pikipiki ya jeshi mikononi mwa fundi wa reli ile, inaingia akilini kabisa. Lakini kuingia akilini si kuthibitika. Ingeweza pia kupitia polisi, misheni, mwenye shamba la mkonge, au Mombasa. Ukiandika historia yake, andika mistari miwili tofauti: tunayoyajua, na tunayoyadhani. Usiyachanganye kwa ajili ya mnunuzi wala kwa ajili ya mjomba.

Huku Dar, Nyaraka za Taifa wana majalada ya Jimbo la Kusini ya wakati wa Mwingereza. Ni kazi ya siku nyingi na kibali kinahitajika, lakini ukipata nafasi ya kuja, nitakusindikiza.

Jambo moja halihusu kazi. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 kiwanda cha Small Heath kilipigwa mabomu, wafanyakazi 53 wakafa humo. Magneto yako ikiwa ya 5/42 na kama pikipiki ni ya karibu na hapo, waliogonga zile tarakimu shingoni walikuwa wenzao. Mimi nikiona namba iliyoyumba huwa nawakumbuka.

Kijana wa Masasi

Nafuta kauli yangu ya mabati. Mkuu, hiyo pikipiki isitoke.

Fundi Mzee wa Mingoyo (Lindi)

Mpenda Nyaraka amesema sawa juu ya tenki, nami naongeza la mchanga. Ile rangi ya chini kabisa, tazama kama ipo pia kwenye fremu, mahali ambapo brashi ya babu haikufika: ndani ya mabano ya injini, chini ya kiti, nyuma ya shingo. Ikiwa tenki na fremu vina tabaka zilezile kwa mpangilio uleule, mchanga, kijani, nyeusi, basi vimesafiri pamoja tangu jeshini. Tenki likiwa na mchanga na fremu haina, tenki lilitoka kwa nyingine. Hili halihitaji barua ya Uingereza. Linahitaji lenzi ya bibi.

Na mwanangu, wakati unaingoja barua, mwaga mafuta ya injini kidogo kupitia tundu la plagi, iache ilowe. Usiipige kiki. Pete zimeshikana, utavunja.

Spea wa Chikongola (Mtwara)

Nimemtuma binamu yangu na lenzi leo asubuhi, amenipigia kutoka bandani. Chini ya kiti kwenye fremu: mchanga, kijani, nyeusi. Nyuma ya shingo: mchanga, kijani, nyeusi. Ndani ya bano la injini: mchanga na kijani tu, nyeusi haikufika. Nimemwambia arudie kutazama mara tatu.

Mjomba amempigia mteja wa Dar mwenyewe. Amemwambia pikipiki bado inasomwa. Barua nimeiandika, picha 26, na nimeweka 8 na 3 zote.

Bibi ametaja mtu mmoja. Yuko Naipanga, mzee sasa, zamani alikuwa kijana wa kushika spana karakana ya reli chini ya babu. Bibi anasema siku pikipiki inaletwa, yeye ndiye aliyekaa nyuma. Nakwenda Jumamosi na mjomba.

Fundi Mzee wa Mingoyo (Lindi)

Nenda Ijumaa.